Sura ya Tano: Mji Una Wenyewe

Mwaka 1842 mnara wa kaburi uliosimama kwenye mteremko wa Dougga, mji wa kale kaskazini mwa Tunisia, ulibomolewa kwa ajili ya jiwe moja. Aliyeagiza ni Thomas Reade, konseli wa Uingereza mjini Tunis. Mnara wenyewe hakuwa na haja nao. Alichokitaka ni maandishi yaliyochongwa ubavuni mwake: mistari saba ya Kipuniki, lugha ya Karthago, na kando yake mistari saba ya Kilibia, lugha ya kale ya Waberber. Jengo lililohimili jua na mvua kwa takriban miaka elfu mbili lilishushwa chini, jiwe likapakiwa melini, na leo limo katika British Museum, London. Mawe mengine yalilala chini hadi mwaka 1908, mwanaakiolojia Mfaransa Louis Poinssot alipoanza kuyapanga upya. Kufikia 1910 mnara ulikuwa umesimama tena, kimo chake mita 21, na ungali unaonekana kutoka mbali, mizeituni ikiuzunguka.

Wasomi walilithamini jiwe hilo kwa kuwa Kipuniki kilikuwa kinasomeka. Kwa kulinganisha safu moja na nyingine, walipata ufunguo wa herufi za Kilibia. Na kilichosomeka, ufunguo ulipopatikana, kilikuwa orodha ya watu: Ateban mwana wa Iepmatath mwana wa Palu, wenzake wa kazi, kisha mafundi wa mbao na mafundi wa chuma. Zamani ilidhaniwa kwamba Ateban ndiye aliyezikwa humo. Wataalamu wengi wa sasa wanaona kwamba alikuwa mkuu wa ujenzi. Vyovyote iwavyo, jambo moja halina ubishi. Katika karne ya 2 KK, kabla Roma haijautawala mji huu, palikuwa na mafundi wenyeji waliojua kupandisha ghorofa tatu za mawe yaliyochongwa, na waliona fahari kuyaacha majina yao ukutani.

Magofu ya Tunisia, Algeria, Moroko na Libya tumezoea kuyaita ya Kirumi. Ndivyo vitabu vya shule vinavyosema, ndivyo vipeperushi vya utalii vinavyosema, na nguzo ndefu zenye vichwa vya majani ya mawe zinaonekana kuthibitisha. Sura hii inataka kuliangalia jina hilo upya. Roma ilileta sheria, jeshi, lugha na mitindo ya ujenzi, na hakuna sababu ya kuipokonya sifa hiyo. Lakini waliochonga mawe, waliolipia mahekalu, waliokaa katika mabaraza, waliolima ngano iliyolipia yote hayo, na waliobaki mjini baada ya majeshi kuondoka, kwa sehemu kubwa walikuwa Waberber, watu wanaojiita wenyewe Imazighen. Mji una wenyewe, na wenyewe hawa wana majina.

Kabla ya Roma

Katika karne ya 3 KK, magharibi ya Karthago palikuwa na falme za Kiberber: Numidia, katika nchi ya Algeria ya leo na magharibi ya Tunisia, na Mauretania, iliyoenea hadi Bahari ya Atlantiki. Mjini Batna, katika nyanda za Algeria, wasafiri huelekezwa kwenda kulitazama kaburi la kifalme liitwalo Medracen, duara kubwa la mawe lenye upana wa karibu mita 59, lililozungushiwa nguzo na kufunikwa kwa ngazi zinazopanda hadi kileleni. Umbo lake ni lile la marundo ya mawe ambayo Waberber waliwafunikia wafu wao tangu zamani za kale. Nguzo zake zimefuata mitindo ya Wagiriki na Wapuniki. Mfalme aliyelijenga alijua ulimwengu wa Mediterania ulivyo, na alichagua mwenyewe cha kuchukua.

Aliyeitia Numidia katika historia ya dunia ni Masinissa. Alipigana upande wa Roma katika vita vya Zama mwaka 202 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago, aliposhindwa, na akatawala hadi alipofariki mwaka 148 KK. Makao yake yalikuwa Cirta, mji uliojengwa juu ya majabali, ambao leo unaitwa Constantine. Aliunganisha makabila, akahimiza kilimo, akapiga sarafu. Miaka kumi hivi baada ya kifo chake, katika mwaka wa 10 wa utawala wa mwanawe Micipsa, raia wa Dougga walimjengea Masinissa hekalu. Jiwe la hekalu hilo lilipatikana mwaka 1904, nalo limeandikwa kwa Kipuniki na Kilibia. Linamtaja Masinissa, mwana wa mfalme Gaia, mwana wa Zilalsan, kisha linaorodhesha wakuu wa mji mmoja baada ya mwingine, kila mtu na cheo chake. Hapa tunasoma serikali kamili ya mji wa Kiafrika, yenye vyeo, zamu na kumbukumbu za maandishi, zaidi ya miaka 90 kabla ya Julius Caesar kuitwaa nchi hiyo mwaka 46 KK.

Ukitembea Dougga leo utauona mji huo wa kwanza chini ya miguu yako. Barabara zinapinda, zinapanda na kushuka kufuata kilima. Hakuna mistari iliyonyooka ambayo wapimaji wa Kirumi waliipenda. Upande wa kaskazini yapo makaburi ya mawe makubwa yaliyoezekwa kwa bamba moja, ya zamani kuliko kila hekalu la mjini. Warumi waliukuta mji umekwisha kupangwa, na wakalazimika kujenga ndani ya mpango wa watu wengine.

Jumuiya mbili, kilima kimoja

Baada ya ushindi wa Caesar, walowezi wenye uraia wa Kirumi waliletwa na kupewa ardhi. Kwa zaidi ya karne mbili Dougga ikawa na jumuiya mbili katika eneo moja: wenyeji na baraza lao, na walowezi waliohesabiwa kuwa raia wa Karthago, ambayo sasa ilikuwa makao makuu ya jimbo la Kirumi. Wenyeji waliendelea kuwachagua mahakimu wao walioitwa masufeti, cheo kilichotoka kwa Wapuniki. Waliendelea pia kuwapa watoto majina mapya bila kuyaficha ya zamani. Jiwe moja la enzi ya mfalme Claudius, katikati ya karne ya 1, linamtaja mtu aitwaye Julius Venustus. Majina yake mawili ni ya Kilatini kabisa. Baba yake anaitwa Thinoba. Katika jiwe hilohilo tunaambiwa kwamba baraza na watu wa mji walimtunuku Faustus, mwana wa Venustus, heshima za usufeti. Babu ana jina la Kiafrika, mwana ni kuhani wa ibada ya Augustus, mjukuu anavishwa heshima ya cheo cha Kipuniki, na wote ni ukoo mmoja wa mji mmoja.

Jumuiya hizo mbili zilisogeleana kidogokidogo. Zilichangia soko, zilichangia mahekalu, bila shaka zilioana. Mwaka 205, chini ya Septimius Severus, ziliunganishwa rasmi kuwa manispaa moja. Kufikia wakati huo majengo makubwa ambayo watalii hupiga picha yalikuwa tayari yamesimama. Hekalu kuu la Jupiter, Juno na Minerva, lenye nguzo zinazoonekana kutoka kila upande wa bonde, lilijengwa mwaka 166 au 167 kwa fedha za watu wawili wa ukoo wa akina Marcius, wakazi wa mji huohuo. Ukumbi wa maonyesho, wenye viti vya mawe vya watu wapatao 3,500, ulitolewa zawadi mwaka 168 au 169 na mtu mwingine wa jina hilo, Publius Marcius Quadratus. Hazina ya Roma haikutoa gharama hizo. Katika miji hii mwenye mali aliyetaka heshima ya cheo alitarajiwa kuujengea mji kitu, na jina lake liliandikwa ili kila apitaye alisome. Ukumbi wa Quadratus unafanya kazi hadi leo: kila kiangazi tamasha la Dougga hufanyika humo, na watu huketi juu ya mawe yaleyale.

Miungu nayo ilikuwa na wenyewe. Mwaka 195 lilijengwa hekalu la Saturnus ukingoni mwa mji, mahali panapotazama bonde lote. Waliochimba chini yake walikuta patakatifu pa Baal Hammon, mungu mkuu wa Wapuniki na Waberber, pamoja na mawe ya nadhiri ya vizazi vingi. Mungu alibadilishiwa jina na nyumba, lakini waumini walipanda njia ileile kwenda mahali palepale. Hekalu la Juno Caelestis, lililojengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 3 ndani ya ua wenye umbo la nusu mwezi, lilimheshimu Tanit, mungu wa kike wa Karthago, katika vazi la Kirumi. Saturnus wa Afrika aliabudiwa namna ambayo watu wa Roma wenyewe wasingeitambua.

Mwana wa Bostar, binti wa Izelta

Majina ndiyo yanayotufikisha karibu zaidi na watu hawa, na hakuna mahali yanapozungumza wazi kama Volubilis, chini ya milima ya Zerhoun nchini Moroko. Mji huo ulikuwa katika ufalme wa Mauretania, ambao Augustus alimkabidhi Juba II mwaka 25 KK. Juba alikuwa mwana wa mfalme wa Numidia, alilelewa Roma kama mateka, akawa msomi mkubwa na mwandishi wa vitabu. Mkewe alikuwa Cleopatra Selene, binti wa Cleopatra wa Misri na Marcus Antonius. Mwana wao Ptolemaios aliuawa kwa amri ya Caligula mwaka 40, ufalme ukatwaliwa, na mtumishi wa mfalme aliyeitwa Aedemon akaongoza uasi.

Volubilis ilichagua upande wa Roma. Aliyeongoza vikosi vyake ni Marcus Valerius Severus, na jiwe lake linatueleza kwamba alikuwa mwana wa Bostar, kwamba aliwahi kuwa sufeti, kisha akashika vyeo vya Kirumi. Vita vilipokwisha alikwenda kwa Claudius kuuombea mji wake, na aliyorudi nayo yalikuwa mambo ya maana kwa maisha ya kila siku: uraia wa Kirumi, haki ya kuoa wanawake wasio raia bila kuwapotezea watoto uraia, msamaha wa kodi kwa miaka 10, na mali za wenzao waliokufa vitani bila warithi. Aliyesimamisha jiwe la heshima yake ni mkewe, Fabia Bira, binti wa Izelta. Fabia mwenyewe alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa kuhani wa ibada ya kifalme katika manispaa hiyo. Bostar ni jina la Kipuniki, Izelta na Bira ni majina ya Kiberber. Familia hii ilipigana, ikajadiliana na mtawala wa dunia, ikafaidika, na haikuona aibu kuandika ilikotoka.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Kaskazini mwa Constantine, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, ipo Tiddis, mji mdogo uliochongwa nusu yake ndani ya mwamba. Karibu nao limesimama kaburi la mviringo ambalo Quintus Lollius Urbicus aliwajengea wazazi wake na ndugu zake. Mwana huyo wa mwenye shamba wa Numidia alipanda vyeo vya jeshi, akawa gavana wa Britania kuanzia mwaka 139 hivi, na ndiye aliyesimamia kuanza kwa ukuta wa Antoninus, uliokata Scotland kutoka bahari hadi bahari. Baadaye akawa mkuu wa mji wa Roma. Katika historia ya Uingereza jina lake husomwa kama la Mrumi. Nyumbani kwao ni milima ya Algeria.

Maktar, katika Tunisia ya kati, lilipatikana kaburi la mtu ambaye jina lake limefutika ila maisha yake yamebaki, na jiwe lake liko Louvre. Anasema alizaliwa katika umaskini, nyumbani kusipo na mali wala heshima. Tangu utoto alilima. Wakati wa mavuno alifuatana na makundi ya wavunaji waliokwenda nyanda za Cirta, na akavuna kwa miaka 12 chini ya jua kali kabla ya kuwa kiongozi wa kundi kwa miaka 11. Akiba yake ikamletea nyumba na shamba. Mwishowe aliketi katika baraza la mji, akawa mkaguzi wa orodha ya raia. Anajieleza kwa fahari ya mtu aliyejua uzito wa mundu, na anawaasa wasomaji waishi bila lawama. Bila wavunaji kama huyu nguzo zote tunazozistaajabia zisingepandishwa.

Kutoka miji kama hiyo ametoka Apuleius wa Madauros, mwandishi wa karne ya 2 aliyejitangaza kuwa nusu Mnumidia na nusu Mgaetuli, na ambaye hadithi yake ya punda wa dhahabu ndiyo riwaya pekee ya Kilatini iliyotufikia nzima. Ametoka Septimius Severus, aliyezaliwa Leptis Magna nchini Libya mwaka 145 na kuitawala Roma kuanzia 193 hadi 211. Ametoka Augustino, aliyezaliwa Thagaste, Souk Ahras ya leo, mwaka 354. Vitabu vya falsafa, sheria na dini vya Ulaya vina deni kubwa kwa watoto wa miji hii.

Mji wa askari

Msomaji anaweza kuuliza: vipi kuhusu Timgad? Huu ulijengwa na Roma mahali ambapo hapakuwa na mji. Trajan aliuanzisha mwaka 100 kwa ajili ya askari wastaafu wa Jeshi la Tatu la Augustus, chini ya milima ya Aures. Ukitazamwa kutoka angani, sehemu ya kwanza ni mraba wenye pande za mita 350 hivi, na barabara zake hukatana kwa pembe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mfano safi zaidi wa mpango wa Kirumi.

Lakini mraba huo haukudumu kuwa mji wote. Katika vizazi vichache nyumba zilifurika nje ya kuta, na mitaa mipya ikapinda na kutawanyika ilivyotaka. Hekalu kuu, bafu kubwa na masoko yalijengwa nje ya mpango wa Trajan. Maktaba ya mji, yenye ukumbi wa nusu duara na mashubaka ya kuwekea vitabu vya kukunjwa, ilitolewa na Julius Quintianus Flavius Rogatianus kwa gharama ya sesta 400,000. Mtu mmoja alichonga sakafuni mwa uwanja wa mji kwamba kuwinda, kuoga, kucheza na kucheka ndiko kuishi. Katika karne ya 4 mji wa askari ukawa ngome ya Wadonatisti, Wakristo wa Afrika waliokataa kuinama mbele ya kanisa lililoungwa mkono na wafalme wa Roma. Askofu wao Optatus alijulikana na kuogopwa nchi nzima. Wajukuu wa mji uliojengwa kuilinda Roma walikuwa sasa wanaipinga kwa jina la Mungu.

Maji, ngano na mafuta

Utajiri wa kuijenga miji hii ulitoka ardhini. Mwanahistoria Josephus aliandika katika karne ya 1 kwamba Afrika iliulisha mji wa Roma kwa miezi minane ya mwaka, na Misri kwa minne. Baada ya ngano yakaja mafuta ya zeituni, na magofu yanashuhudia wingi wake: Volubilis pekee wachimbaji wamehesabu vinu vya kukamulia mafuta zaidi ya 50, vingine ndani ya nyumba za matajiri, hatua chache kutoka sakafu zilizopambwa kwa picha za vijiwe vya rangi.

Mizeituni katika nchi kavu huhitaji watu wanaojua kuchunga maji. Karibu na Batna, mahali palipoitwa Lamasba, lilichongwa tangazo katika miaka ya 218 hadi 222, wakati wa mfalme Elagabalus. Ni ratiba ya umwagiliaji. Inaorodhesha wakulima mmoja mmoja na muda ambao kila mmoja ataruhusiwa kuyafungulia maji shamba lake, kutoka saa hii hadi saa ile. Mawe ya ushindi na sanamu za wafalme hayatuonyeshi mji ulivyoishi kama ratiba hii inavyotuonyesha: majirani wamekaa, wamegombana, wamepatana, na wameandika makubaliano yao mahali ambapo hakuna mtu atakayeyakana.

Roma ilipoondoka

Hadithi iliyozoeleka husema kwamba Roma ilianguka, washenzi wakaingia, na miji ikafa. Mawe yanasimulia mambo mengine. Huko Altava, magharibi ya Algeria, jiwe la mwaka 508 linatangaza ujenzi wa ngome chini ya Masuna, mfalme wa Wamauri na Warumi. Kwa Kilatini, mfalme wa Kiberber anajitambulisha kuwa mtawala wa watu wa aina zote mbili. Dola ilikuwa imeondoka. Mji, maofisa na maandishi vilibaki mikononi mwa wenyeji.

Volubilis ni ushahidi wenye nguvu zaidi. Majeshi ya Roma yaliiacha nchi hiyo karibu mwaka 285. Mawe ya makaburi ya Kikristo yaliendelea kuchongwa hapo kwa Kilatini, mengine yakiwa na tarehe kati ya 599 na 655, zaidi ya miaka 300 baada ya askari wa mwisho kuondoka. Wenyeji waliuita mji Walili. Mwaka 788 Idris, mtu wa ukoo wa Mtume aliyewakimbia Waabasi baada ya vita karibu na Makka, alifika hapo akapokewa na kabila la Kiberber la Awraba lililoutawala mji. Wakampa utii, na ufalme wake wa Kiislamu ukaanzia katika mji huo wa kale. Kaburi lake liko Moulay Idriss, mji mweupe unaotazamana na magofu. Watu walihama Walili polepole. Baadaye Sultani Moulay Ismail alichukua mawe yake kujengea Meknes, na tetemeko la mwaka 1755 likaangusha mengi ya yaliyosalia.

Timgad iliharibiwa na watu wa Aures mwishoni mwa karne ya 5, na jeshi la Bizanti lilipofika mwaka 539 lilitumia mawe yake kujenga ngome kando. Lakini Dougga haikuachwa. Familia ziliendelea kuishi humo, zikaswali humo, zikapanda mizeituni kati ya mahekalu, hadi karne ya 20 zilipohamishiwa kijiji kipya bondeni ili wachimbaji wapate nafasi.

Waliofukua

Wachimbaji hao walikuwa na shabaha yao. Ufaransa iliingia Algeria mwaka 1830, Tunisia mwaka 1881, na Moroko mwaka 1912. Maofisa wake wa kijeshi walipenda kujiona warithi wa Roma: kama Roma ilitawala hapa na kustawisha nchi, basi Wafaransa walikuwa wanarudi kwenye mali yao. Uchimbaji wa Timgad ulianza mwaka 1881. Ule wa Volubilis ulianza kwa bidii mwaka 1915, mateka wa Kijerumani wakitumiwa kubeba udongo. Katika maeneo mengi tabaka za juu, zenye nyumba na vyombo vya Waberber na Waislamu wa karne za baadaye, ziliondolewa haraka bila kuandikwa ili kufikia sakafu za Kirumi zilizotafutwa. Kilichobaki wazi kikaonekana cha Kirumi kitupu kwa sababu vingine vilikuwa vimetupwa.

Nina heshima kwa waliohifadhi nguzo na kuchora ramani; bila kazi yao sura hii isingeandikika. Lakini hasara ile ilikuwa kubwa na haiwezi kulipwa, na tuiseme bila kumung'unya maneno. Tabaka lililochimbwa na kutupwa halirudi.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua hoja hii kwa machungu. Kilwa na Gedi zilielezwa kwa miongo mingi kuwa kazi ya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ulionyesha misikiti ya mawe iliyojengwa juu ya misikiti ya miti na udongo, hatua kwa hatua, mahali palepale, na jamii ileile ya wenyeji. Aliyechimba kwa subira alikuta wenyewe.

Kazi iliyobaki

Mwaka 2003 Moroko ilichagua herufi za Tifinagh kwa kufundishia lugha ya Kiberber shuleni. Herufi hizo ni za ukoo mmoja na zile zilizochongwa Dougga katika karne ya 2 KK. Watuareg wa Sahara ndio walioendelea kuzitumia karne zote hizo. Mwaka 2011 katiba ya Moroko iliitambua lugha hiyo kuwa rasmi, na Algeria ikafanya hivyo mwaka 2016. Kwa hiyo mtoto wa shule wa Meknes anayefikishwa Volubilis leo yuko karibu zaidi na lugha ya Izelta kuliko walivyokuwa maprofesa wengi walioandika juu yake.

Magofu yenyewe yanahitaji ulinzi kuliko wakati wowote. UNESCO iliitambua Timgad kuwa urithi wa dunia mwaka 1982, na Dougga na Volubilis mwaka 1997. Leptis Magna iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016, Libya ikiwa imegawanyika kwa vita. Katika miaka hiyo ya hatari, wakati serikali ilikuwa haipo au zilikuwa mbili, wakazi wa eneo hilo walijitolea kulinda mji huo wenyewe, mchana na usiku, ili wezi wa vitu vya kale na wapiganaji wasiuguse.

Kitendo hicho kina uzito kuliko maazimio mengi ya mikutano. Urithi hulindwa na watu wanaouona kuwa wao. Mtoto wa Téboursouk karibu na Dougga, wa Batna, au wa Khoms karibu na Leptis Magna akifundishwa kwamba mawe ya jirani yake ni kumbukumbu ya mkoloni wa kale, hana sababu ya kuyatetea. Akifundishwa kwamba mahakimu, mafundi, wavunaji na makuhani waliotajwa humo walikuwa watu wa nchi yake, waliojadiliana na dola kubwa ya wakati wao na kudumu kuliko ile dola, atakuwa mlinzi wa kwanza. Vibao vya maelezo viandikwe kwa lugha yake. Wachimbaji wa kesho watoke katika vyuo vya nchi yake. Na sisi tunaosoma kutoka mbali, kila tunapoonyeshwa hekalu au tao la Afrika ya Kaskazini, tuulize ni nani aliyelilipia, ni nani aliyelijenga, na baba yake aliitwa nani. Mara nyingi jibu limeandikwa papo hapo kwenye jiwe.